Maswali na Majibu: Keneli Inapogoma Kujengeka

Tangu tulipowaeleza wasomaji namna ya kujenga keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, kutoka kwenye msimbo chanzo wake, barua nyingi zinazotufikia zinahusu jambo moja: kompaila, ile programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, imesimama katikati ya kazi na kuandika maneno yasiyoeleweka. Tumechagua barua sita. Pale ambapo hatukutaja vinginevyo, majibu yanachukulia kwamba msomaji anatumia Debian au Ubuntu pamoja na kompaila ya GCC.

“Error 2” ni kosa gani?

*Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kompyuta hapa Morogoro. Nilipakua keneli ya mfululizo wa 6.1, nikatoa amri ya make -j8, na baada ya dakika chache kazi ikasimama. Mstari wa mwisho unaishia na maneno “Error 2”, basi. Nimeiondoa GCC na kuiweka upya mara tatu bila mafanikio. Hiyo namba 2 ina maana gani?*

Ndugu fundi, GCC yako haina kosa, na kuiweka upya mara ya nne hakutasaidia kitu. Namba 2 haikutoka kwa kompaila hata kidogo. Keneli hujengwa na programu ya make, inayosimamia hatua za ujenzi, ambayo huita make nyingine katika folda za ndani, nayo ile ya ndani huita nyingine tena. Ikishindwa ya chini kabisa, kila iliyo juu yake hutangaza kwa zamu kwamba aliyetumwa amerudi mikono mitupu, hadi tangazo linafika kwenye terminali yako likiwa halina tena habari yoyote ya maana. Ni sawa na kupata taarifa ya msiba kwa mtu wa tano: unajua kwamba yuko aliyefariki, lakini humjui ni nani.

Kwa -j8 mambo yanazidi kuchanganyika, kwa sababu umeagiza kazi nane zifanyike kwa pamoja. Moja inaposhindwa, zile saba zilizokwisha kuanza huachwa zimalize, na ndiyo maana yale maneno “Waiting for unfinished jobs” hutokea. Wakati huo wote zinaendelea kuandika mistari yake chini ya kosa, na kosa lenyewe linazidi kupanda juu hadi linatoka nje ya kioo. Kwa hiyo, rudia ujenzi huku ukihifadhi kila kinachoandikwa:

make -j8 2>&1 | tee ujenzi.log

Kisha utafute mstari wa kwanza wenye kosa, na si wa mwisho:

grep -n -m1 -E 'error:|\*\*\*' ujenzi.log

Tulimwomba fundi huyu afanye hivyo kabla gazeti halijaenda mitamboni, naye akatuletea mstari huu: “certs/extract-cert.c:21:10: fatal error: openssl/bio.h: No such file or directory”. Hapo sasa tuna la kuzungumza. Mstari wa kompaila husomwa kuanzia kushoto: kwanza jina la faili, halafu namba ya mstari ndani ya faili hilo, halafu nafasi ya herufi katika mstari, na mwisho malalamiko yenyewe. Katika mstari wa 21 msimbo umeomba faili la vichwa, yaani orodha ya yale ambayo maktaba inaweza kuombwa, liitwalo openssl/bio.h, na kompaila haikulipata popote.

Fundi atashangaa, kwa kuwa OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, anayo na tovuti salama zinafunguka kila siku. Debian huigawa maktaba katika vifurushi viwili: kimoja kina maktaba yenyewe inayotumiwa na programu zilizokwisha kujengwa, na kingine, chenye jina linaloishia na -dev, kina mafaili ya vichwa yanayohitajiwa na anayejenga. Mtumiaji wa kawaida huletewa cha kwanza tu. Dawa ni amri moja:

sudo apt install build-essential flex bison bc libssl-dev libelf-dev

Ipo pia sababu ya keneli kutaka OpenSSL, jambo ambalo wengi huona kama kichekesho. Ujenzi wa keneli huanza kwa kujenga programu ndogo za usaidizi ambazo hufanya kazi kwenye kompyuta yako wewe mjenzi, na mojawapo ni hiyo extract-cert, ambayo kazi yake ni kutoa vyeti vya kidijitali vitakavyowekwa ndani ya keneli. Kosa la fundi wa Morogoro limo katika msaidizi huyo, na kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuugusa msimbo wa keneli wala kuishuku kompaila.

Cheti kisichokuwapo

*Mhariri, nimenakili faili la usanidi la Ubuntu kutoka /boot ili keneli yangu iwe sawa na ile ninayoitumia. Ujenzi unakataa ukisema “No rule to make target 'debian/canonical-certs.pem'”. Faili hilo nimelitafuta kompyuta nzima, halipo. — Msomaji, Mombasa*

Wala hutalipata. Wanaotengeneza Ubuntu hujenga keneli wakiwa na vyeti vyao katika folda ya debian ndani ya msimbo wao, na usanidi ulionakili bado unavitaja. Msimbo ulioupakua kutoka kernel.org hauna folda hiyo. Ondoa madai hayo mawili, kisha ujenge upya:

scripts/config --disable SYSTEM_TRUSTED_KEYS
scripts/config --disable SYSTEM_REVOCATION_KEYS

Make ikikuuliza maswali baada ya hapo, bonyeza Enter ukubali kuviacha vikiwa vitupu. Anayetumia Debian atakutana na kosa la ukoo huohuo lenye jina la cheti tofauti, na dawa yake ni hiyohiyo.

Kosa linalohamahama

*Salaam. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbeya, natumia kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba. Kila nikijenga keneli, GCC inaanguka na kuandika “internal compiler error: Segmentation fault”. Juzi ilianguka ikiwa kwenye fs/ext4, jana kwenye drivers/net, na nilipoirudia amri ileile jioni ikapita pote pawili salama, ikaja kuanguka kwenye mm. Mwenzangu anasema ni kasoro ya kompaila na kwamba niiripoti kwa wenyewe. Nifanye nini?*

Ndugu mwanafunzi, usiripoti bado. Barua yako tayari ina jibu, nalo limo katika neno “jioni”. Kompaila si programu ya kubahatisha: ukiipa faili lilelile kwa amri ileile, itatoa matokeo yaleyale, hata kama matokeo hayo ni kuanguka. Kasoro ya kweli ya GCC ingekungojea katika faili lilelile na mstari uleule, asubuhi na jioni. Kosa linalohama kutoka faili moja hadi jingine, na kupita salama mahali lilipogomea jana, kwa kawaida si la msimbo wala la kompaila. Ni la mashine, na mshukiwa wa kwanza ni RAM.

GCC yenyewe huujua ukweli huu. Ikianguka kwa namna hiyo, katika matoleo mengi ya Linux hujaribu kulijenga tena faili lilelile, na ikiona kwamba kosa halijirudii, huandika: “The bug is not reproducible, so it is likely a hardware or OS problem.” Kwa lugha yetu, inasema kwamba kosa hili silipati tena, basi chunguza vifaa au mfumo wako. Angalia kama mstari huo umo katika logi yako. Watu wengi huupita bila kuusoma kwa sababu umekaa chini ya mistari mingine ya kutisha.

Utauliza kwa nini kompyuta hiyohiyo inacheza filamu saa mbili bila tatizo. Katika filamu, biti moja ya RAM ikigeuka, nukta moja ya picha hubadilika rangi kwa kufumba na kufumbua, na hakuna anayeona. Kompaila hufanya kazi tofauti kabisa: msimbo inaousoma huugeuza kuwa mti mkubwa wa vipande vilivyounganishwa kwa anwani za kumbukumbu, kila kipande kikishika anwani ya mwenzake. Biti moja ya anwani ikigeuka, kompaila inapiga hodi kwenye nyumba isiyokuwapo, na mfumo endeshi unaiua hapohapo. Ongeza kwamba ujenzi wa keneli hutumia viini vyote vya prosesa kwa muda mrefu mfululizo, RAM ikiwa imejaa na joto likipanda, na utaona kwa nini wajenzi wa Linux wamekuwa wakiutumia kama kipimo cha afya ya kompyuta tangu miaka ya 1990.

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku nne kwa kosa kama hili. Nilikuwa na hakika kwamba msimbo umeharibika wakati wa kupakua, kwa hiyo niliupakua upya mara tatu, na kifurushi kimoja cha keneli kina zaidi ya MB 100, mpaka bando la mwezi likaisha kabla mwezi haujafika katikati. Laiti ningeutoa muhtasari wa faili kwa amri ya sha256sum na kuulinganisha na ule uliochapishwa kernel.org, ningejua ndani ya sekunde chache kwamba kifurushi cha kwanza kilikuwa kizima. Siku ya nne nikafungua kasha la kompyuta. Vijiti viwili vya RAM vilikuwa vya watengenezaji tofauti, na kimoja kilikuwa na utando mweusi kwenye meno yake ya shaba. Nilikisugua taratibu kwa kifutio cha penseli, nikakipangusa kwa kitambaa kikavu, nikakirudisha, na makosa yakapungua lakini hayakwisha. Nilipokitoa kabisa, keneli ikajengwa tangu mwanzo hadi mwisho bila kukwama.

Wewe usianze na kifutio, anza na kipimo. Weka Memtest86+ kwenye flashi, iwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na uiache ipime usiku kucha, kwa sababu mzunguko mmoja hautoshi kuyafichua makosa yanayotokea pale tu kifaa kinapopata joto. Kosa hata moja jekundu linatosha kukihukumu kijiti. Likijitokeza, pima kijiti kimoja kimoja katika nafasi ileile, halafu kile kizima katika nafasi zote, ili ujue kama mbovu ni kijiti au ni nafasi yenyewe kwenye ubao. Ikiwa usiku mzima umepita bila kosa, safisha vumbi la feni ya prosesa, hakikisha hakuna aliyeongeza kasi ya RAM katika BIOS kupita kiwango chake, na ukiweza, azima kifaa cha umeme cha kompyuta nyingine ujaribu nacho. Prosesa yenyewe huwa mshukiwa wa mwisho, ingawa haiko juu ya sheria: mwaka 2017 AMD ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kwanza za Ryzen zilikuwa na hitilafu iliyojitokeza kwenye kazi nzito za namna hii chini ya Linux, na wateja walioathirika walibadilishiwa.

Usichanganye kosa hili na lile linaloandikwa “Killed signal terminated program cc1”. Hapo hakuna kifaa kibovu. RAM imekwisha na mfumo umechagua wa kumtoa kafara. Endesha sudo dmesg na utafute maneno “Out of memory”. Ukiyakuta, punguza -j8 iwe -j2, au ongeza eneo la swapu (sehemu ya diski inayoisaidia RAM), na uvumilie mwendo wa kinyonga.

Baada ya umeme kukatika

*Mhariri, umeme ulikatika wakati keneli iko katikati ya kujengwa. Uliporudi nikaendeleza, lakini sasa linka inasema faili moja la .o “file format not recognized”. Nimesoma mahali kwamba nitoe amri ya make mrproper. Je, ni sawa? — Msomaji, Mwanza*

Itafanya kazi, lakini ni kuchoma nyumba ili kumfukuza panya, kwa sababu mrproper hufuta hata faili la usanidi, .config, ulilolipanga kwa saa nzima. Ukilazimika kuitumia, nakili kwanza .config nje ya folda ya msimbo.

Kilichotokea kwako ni hiki. Kompaila ilikuwa imemaliza kuandika faili, lakini mfumo wa mafaili ulikuwa bado haujayashusha maandishi kwenye diski. Umeme ulipokatika, jina la faili lilibaki na maudhui yake yakapotea. Make haifungui faili kuangalia ndani, huangalia tarehe tu. Ikiona kwamba faili la .o lina tarehe ya baadaye kuliko chanzo chake, huhesabu kwamba kazi hiyo imekwisha, na linka, programu inayoyaunganisha mafaili ya .o yaliyotoka kwa kompaila, ndiyo inayokuja kugundua kwamba imepewa bahasha tupu. Futa bahasha tupu zote kwa mkupuo, kisha uendelee:

find . -name '*.o' -size 0 -delete

Kosa likirudi kwa faili lenye ukubwa wa kawaida, basi faili hilo limeharibika nusunusu, na hapo ndipo make clean inapostahili. Amri hiyo hufuta vilivyojengwa na kuuacha usanidi wako.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa kompyuta nyingi zinazoumizwa na umeme ni za umri mkubwa: angalia saa. Betri ndogo ya ubao, ile ya duara aina ya CR2032, ikifa, kompyuta huamka ikiwa na tarehe ya miaka mingi nyuma, na make inayotegemea tarehe huchanganyikiwa. Ukiona onyo la “Clock skew detected”, usilipuuze. Sahihisha saa, halafu ufanye make clean.

Keneli ya zamani, kompaila mpya

*Ndugu Mhariri, nina bodi ndogo ya ARM ambayo muuzaji alitoa keneli ya 4.19 tu. Miaka iliyopita niliijenga bila shida. Mwezi huu nimebadilisha kompyuta, nikaweka toleo jipya la Linux, na msimbo uleule sasa unagoma: “multiple definition of `yylloc'”. Sijagusa hata herufi moja. Inawezekanaje? — Msomaji, Nairobi*

Msimbo wako haukubadilika. Kilichobadilika ni sheria. Katika lugha ya C, mafaili mawili yakitangaza kigeu kimoja cha jumla (jina la kuhifadhia thamani) bila kukipa thamani na bila neno extern, GCC ya zamani ilikichukulia kama mali ya pamoja, na linka ikaviunganisha vikawa kitu kimoja. Lilikuwa jambo la kuoneana haya. Kuanzia GCC 10, iliyotoka Mei 2020, kompaila iliacha haya hiyo: kila tangazo huhesabiwa kuwa ufafanuzi kamili, na linka ikikuta viwili vyenye jina moja inakataa.

Katika keneli ya 4.19, kigeu kiitwacho yylloc kimetangazwa katika faili la scripts/dtc/dtc-lexer.l, ilhali Bison, programu inayozalisha msimbo yenyewe, hukizalisha tena katika faili jirani. Fungua faili hilo, utafute mstari usemao “YYLTYPE yylloc;” na uufute mstari huo mmoja, kisha ujenge. Huo si ujanja wa mtaani, kwani wasimamizi wa keneli wenyewe walifanya hivyohivyo mwaka 2020 na kuirudisha dawa hiyo katika mifululizo ya zamani. Kama muuzaji wako angefuata matoleo madogo ya 4.19, mfululizo uliohudumiwa hadi Desemba 2024, usingeliona kosa hili. Binafsi nawalaumu wauzaji wa bodi kuliko kompaila: wanatoa keneli siku ya kuuza, halafu wanaisahau.

Tahadhari kwamba ukimaliza hilo unaweza kukuta jingine, kwa kuwa sheria zimeendelea kukazwa. GCC 14 ya mwaka 2024 inahesabu kuwa kosa jambo ambalo zamani lilikuwa onyo tu, yaani kuita kitendakazi (function) kisichotangazwa. GCC 15 ya mwaka 2025 huchukua kiwango kipya cha lugha ya C kiitwacho C23 pale ambapo mjenzi hakutaja kiwango, na katika C23 maneno bool, true na false ni maneno ya lugha yenyewe, hivyo msimbo wa zamani uliojitungia false yake unakataliwa. Kwa keneli ya 2018 sioni faida ya kupambana na makosa hayo moja baada ya jingine. Weka Debian ya mwaka 2019, ambayo huja na GCC 8, ndani ya kontena (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya kompyuta yako), na uijenge keneli humo pamoja na kompaila wa rika lake.

Folda iitwayo “Kazi za Chuo”

*Natumia Linux ndani ya Windows. Nimeutoa msimbo kwenye diski C, ndani ya folda ya Kazi za Chuo, na make inasema “source directory cannot contain spaces or colons”. — Msomaji, Dar es Salaam*

Hapa kompaila bado haijaitwa hata mara moja. Make hutumia nafasi kutenganisha majina, kwa hiyo huona folda tatu: Kazi, za na Chuo. Lakini usiishie kubadilisha jina la folda, maana diski C ina tatizo kubwa zaidi linalokungoja. Kwa kawaida Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na keneli ina mafaili yanayotofautiana kwa herufi hizo tu, kwa mfano xt_TCPMSS.h na xt_tcpmss.h. Ulipoutoa msimbo kwenye diski C, la pili liliandikwa juu ya la kwanza bila kukuambia, na kosa lake lingejitokeza baadaye katika netfilter, sehemu ya keneli inayochuja mawasiliano ya mtandao, likionekana kama la mwandishi wa msimbo. Toa kifurushi upya ndani ya nyumba yako ya Linux, katika ~/keneli, na usihamishe folda ya zamani, kwa kuwa faili lililokwisha kufutwa na mwenzake halitarudi kwa kuhamishwa.